Nani analipa miaka ya kujifunza? Historia fupi ya kuajiriwa katika kazi ya michezo ya video



Siku moja jioni nilipita kwenye chumba kimoja cha michezo hapa Kiwanja. Munazijua zile nyumba ndogo za mbao, televisheni mbili, PlayStation ya zamani, na watoto wanaolipa franka kidogo kwa mechi moja ya mpira. Pembeni alikaa kijana mmoja, finalisti wa informatika ya jestio, anangoja zamu yake. Akaniuliza: "Yaya, hii jeu kuko batu benye baliitengeneza, si ndiyo? Sasa bale batu, dosie yao baliwekaka wapi?"

Nilicheka kwanza. Kisha nikanyamaza, ju niliona swali lake ni letu sote. Sisi tumezoea kwamba kazi ni kuweka dosie: kopi ya diploma, barua ya kuomba kazi, cheti cha mwenendo mwema, picha mbili za pasipoti, halafu kungoja. Nami nina dosie zangu zilizolala kwenye ofisi ambazo sitazitaja, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kuzifungua. Kijana alikuwa anataka kujua kama kule kwenye michezo ya video kungoja ni kule kule. Nilimwahidi jibu la maandishi. Ndilo hili, na nimeliandika kama historia, kwa sababu ukiona jinsi milango ya kazi hii ilivyofunguka tangu mwanzo, utajua ni upi unaweza kuusukuma leo.

Mlango wa kwanza: zoezi

Kazi hii haina umri mkubwa. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT, Marekani, pamoja na Steve Russell, walitunga Spacewar!, vyombo viwili vya angani vinavyopigana kwenye kioo cha kompyuta iliyokuwa kubwa kama makabati kadhaa yaliyopangwa pamoja. Hakuna aliyewalipa, na hakuna aliyekuwa ameomba kazi. Ulikuwa mchezo wa watu waliokaa karibu na mashini ya gharama kubwa ambayo wao hawakuinunua.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1972, Nolan Bushnell na Ted Dabney walianzisha kampuni ya Atari kule California. Kati ya wahandisi wao wa kwanza alikuwa Allan Alcorn, waliyefahamiana naye kwenye kampuni ya Ampex. Bushnell alimpa zoezi la kujipima mkono: tengeneza mchezo wa mpira wa meza, nukta moja na vijiti viwili. Zoezi lile ndilo lililotoka likaitwa Pong, na Pong ndiyo iliyoifanya Atari ijulikane duniani.

Mwaka 1974 kijana wa miaka 19 aliyekuwa ameacha chuo, Steve Jobs, aliingia ofisini kwa Atari amevaa ndala, akasema haondoki mpaka wampe kazi. Wakampa ufundi. Tafadhali, musijaribu hivyo kwenye ofisi za Goma, mlinzi atawasindikiza mpaka barabarani. Lakini angalieni kwa nini iliwezekana: mwaka ule kazi ilikuwa mpya kabisa. Hakuna chuo kilichoifundisha, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukuuliza cheti chake. Mwenye kazi alitaka kitu kimoja tu, kuona mikono yako inaweza nini.

Mlango wa pili: kitu mkononi

Twende Japani. Nintendo ilianza mwaka 1889 mjini Kyoto, ikiuza karata za kuchezea. Mwaka 1977 kijana Shigeru Miyamoto, aliyesomea usanifu wa vitu vya viwandani kule Kanazawa, alitafuta kazi huko. Baba yake alitumia njia ya kujuana ili mwanawe aonane na mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi. Hapa wengi mutasema: "Unaona? Hata kule kuko kujuana." Ndiyo, kulikuwako. Lakini kujuana kulimfikisha mlangoni tu. Yamauchi alimtaka arudi na vitu alivyovitengeneza kwa mkono wake. Miyamoto akarudi na vitu vya watoto, pamoja na vitundikia nguo vya mbao vyenye sura za wanyama. Akaajiriwa kama mchoraji.

Mwaka 1981 alitunga Donkey Kong, na baadaye Super Mario. Hakuwa mtu wa programu. Alikuwa mchoraji aliyejua mtoto anacheka wapi na anakasirika wapi.

Hapa kuna somo kwa wale wanaosema: "Mimi nilisoma pedagojia, mimi nilisoma sanaa, michezo ya video ni ya watu wa informatika." Studio ya michezo ni kama jengo linalojengwa: kuko mtunga programu, kuko mchoraji, kuko anayebuni kanuni za mchezo, kuko wa sauti na muziki, kuko mwandishi wa hadithi, kuko anayetafsiri, kuko anayejaribu mchezo siku nzima ili apate makosa, na kuko anayepanga ratiba na pesa. Mhitimu wa historia anayeijua vizuri historia ya falme za Maziwa Makuu ana kitu cha kuuza pale. Ila lazima akilete mkononi kama Miyamoto. Kukiandika kwenye CV tu hakutoshi.

Mlango wa tatu: kugeuza mchezo wa wengine

Mwaka 1993 kampuni ndogo ya Texas, id Software, ilitoa Doom, ikaacha mafaili yake yawe rahisi kufunguliwa. Vijana wakaanza kutunga vyumba vyao wenyewe ndani ya mchezo wa wengine. Hapo ukafunguka mlango ambao haukuwahi kuwako: unajifunza kazi ukiwa nyumbani, juu ya msingi uliojengwa na wataalamu, na wataalamu wenyewe wanakuona.

Mfano mkubwa ni Counter-Strike. Minh Le, Mkanada mwenye asili ya Vietnam, alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Yeye na Mmarekani Jess Cliffe waligeuza Half-Life, mchezo wa kampuni ya Valve wa mwaka 1998, wakatoa toleo lao la kwanza mwaka 1999. Watu walilicheza kwa wingi hata Valve, mwaka 2000, ikanunua haki za mchezo na kuwaajiri wote wawili.

Mfano wa pili ni wa shule. DigiPen, chuo cha jimbo la Washington, kinawataka wanafunzi wake watengeneze michezo kamili kwa vikundi. Mwaka 2005 kikundi kimoja kilitoa Narbacular Drop, mchezo wa milango miwili ya ajabu: unaingia huku, unatokea kule. Watu wa Valve waliuona kwenye maonyesho ya wanafunzi, wakawaita waje kuuonyesha, na mkuu wa kampuni, Gabe Newell, akawaajiri kikundi kizima. Miaka miwili baadaye kazi yao ilitoka kwa jina la Portal.

Wenzangu, soma tena hapo: kikundi kizima. Kazi ya mwisho ya masomo, ile tunayoiita TFC au memware na kuiacha kwenye rafu ya maktaba ikila vumbi, kwao ndiyo iliyokuwa dosie.

Mlango wa nne: serikali ikishika bawaba

Kuna mlango mmoja ambao wengi hawausimulii. Ndugu watano wa familia ya Guillemot walianzisha Ubisoft mwaka 1986 huko Bretagne, Ufaransa. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilifungua studio Montréal, Kanada. Ilikwenda kule kwa sababu serikali ya Kanada na ya jimbo la Quebec zilikubali kubeba sehemu ya mshahara wa kila mfanyakazi kwa miaka kadhaa. Baadhi ya watu wa kwanza walitumwa kutoka Ufaransa, lakini wengi wengine walikuwa vijana wa palepale ambao hawakuwa wamewahi kutengeneza mchezo wowote. Walijifunzia kazini, huku serikali ikisaidia kulipa. Mwaka 2007 studio hiyo ilitoa Assassin's Creed, na Montréal leo ni mji mkubwa wa michezo, tena unaozungumza Kifaransa, lugha tuliyosomea sisi.

Nimefika hapa na nataka kusimama kidogo, maana milango hii minne ina kitu kimoja nyuma yake. Kila aliyeajiriwa alikuwa na miaka kadhaa ya kujifunza, na kila mwaka wa kujifunza kuna mtu aliyeulipa. Vijana wa MIT walilipiwa na chuo chenye kompyuta. Miyamoto alilipiwa na kampuni iliyomvumilia miaka minne kabla ya Donkey Kong. Minh Le alikuwa na umeme usiokatika na shule iliyompa muda. Vijana wa Montréal walilipiwa na kodi za raia. Kwa hiyo swali la kijana wetu linageuka kidogo. Mahali pa kuweka dosie si neno kubwa. Neno kubwa ni hili: hapa kwetu, nani anailipa ile miaka?

Afrika: mlango uliochongwa na walioukosa

Kwa muda mrefu Afrika hapakuwa na mlango wa kusukuma, maana nyumba yenyewe haikuwako. Watu wa kwanza walijenga nyumba ndipo wakaweka mlango. Kenya, Wesley Kirinya aliandika mwenyewe injini ya mchezo, maana yake ule msingi wa programu unaobeba kila kitu, akatoa Adventures of Nyangi mwaka 2007. Mwaka 2009 akaungana na Mghana Eyram Tawia, mhitimu wa informatika, wakaanzisha kampuni inayoitwa leo Leti Arts, mguu mmoja Accra na mwingine Nairobi.

Kamerun kuna Kiro'o Games ya Yaoundé. Jina hilo lenyewe limechukuliwa kutoka lugha yetu: kiroho. Olivier Madiba na wenzake walianza kuota mchezo wao tangu mwaka 2003, wakiwa wanafunzi. Walifungua studio mwaka 2013, na mchezo wao mkubwa, Aurion: Legacy of the Kori-Odan, ulitoka mwezi wa nne 2016. Hesabuni: miaka 13. Kukatika kwa umeme kulikuwa sehemu ya kazi. Benki hazikuwaelewa, kwa hiyo walitafuta watu wengi wa kuwekeza pesa ndogo ndogo, na mwaka 2015 wakachangisha karibu euro 50,000 kupitia intaneti. Na kwa kuwa hapakuwa na shule ya kazi hii, wafanyakazi wao waliwafundisha wenyewe.

Sasa nije kwa yule ambaye watu wa kwetu wanapaswa kumjua kuliko wote. Lual Mayen ni wa Sudan Kusini. Alizaliwa familia yake ikiwa njiani inakimbia vita, akakulia kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mara ya kwanza kuona kompyuta ilikuwa mahali wanapoandikisha wakimbizi. Akamwambia mama yake anaitaka. Mama hakucheka. Alishona nguo na kuweka akiba miaka mitatu mpaka zikafika dola 300, akamnunulia kijana wake kompyuta.

Kambini hakukuwa na umeme. Mayen alitembea saa tatu kwenda kuchaji, na saa tatu kurudi. Masomo yenyewe aliyapata kwa video ambazo marafiki walimbebea kwenye fleshi. Mchezo wake aliuita Salaam: unamkimbiza mkimbizi asipigwe na mabomu, umtafutie maji na chakula hadi afike kwenye amani. Aliuwaza kwa sababu aliona vijana kambini wanacheza michezo ya kuuana, akajiuliza kwa nini kusiwe na mchezo wa kuokoka. Mwanzoni watu walipeana kwa Bluetooth, simu kwa simu. Kisha aliuweka kwenye intaneti, watengenezaji wa nje wakamwona. Alifika Marekani, akaanzisha Junub Games, na mwezi wa kumi na mbili 2018 alitambuliwa kwenye sherehe ya The Game Awards, mbele ya dunia nzima ya kazi hii.

Watu wakisimulia habari ya Mayen wanapenda kutaja zile saa tatu za kutembea. Mimi ninataja cherehani ya mama. Kanada, serikali ilisaidia kulipa. Kambini, alilipa mama mmoja, mshono kwa mshono. Na hapa Kiwanja tunawajua bamama wa namna hiyo: wanaouza unga na maharagwe sokoni, minervali ya watoto wanne inatoka kwenye beseni moja.

Sisi tuliingia zamani, kwa mlango wa chini

Msiseme Kivu haimo kwenye historia hii. Imo tangu zamani. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilitoka Japani, na simu za mkononi zilikuwa zinaenea dunia nzima. Vyombo vyote hivyo vinataka tantali, madini yanayotoka kwenye koltani. Mwishoni mwa mwaka ule bei ilipanda karibu mara kumi kwa miezi michache, kisha ikaanguka mwaka 2001. Tuliokuwa wakubwa wakati ule tunakumbuka: walimu waliacha chaki, wakulima waliacha jembe, kila mtu anakwenda Masisi au Walikale. Na wenye bunduki nao walikwenda. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 ilieleza namna madini yalivyolisha vita, na baadaye waandishi wengine wa Ulaya na Marekani walifika hata kuiita vita ya PlayStation. Jina hilo limezidisha, maana simu na kompyuta zilichukua sehemu kubwa, na vita vyetu vina mizizi mingine mingi. Lakini halikutoka hewani.

Mwaka 2011 kikundi cha Italia, Molleindustria, kilitoa mchezo mdogo wa simu unaoitwa Phone Story. Sehemu yake ya kwanza ni Kongo: mchezaji anawasimamia watoto wachimbe koltani chini ya bunduki. Apple iliuondoa kwenye duka lake ndani ya siku chache. Yaani Mkongomani alikwisha kuingia ndani ya mchezo wa video, akiwa mtoto wa kusukumwa na kidole cha mtu wa mbali.

Ukimaliza mchezo mkubwa, kuna majina yanayopanda kwenye kioo, mamia kwa mamia: aliyechora, aliyeandika, aliyejaribu, hata aliyepika chakula cha ofisi. Yule aliyetoa jiwe Rubaya hayumo. Simwambii mtu achukie michezo, hata mimi ninacheza. Ninasema tu kwamba mtoto wa Kivu akitaka jina lake lipande kwenye orodha ile, haombi sadaka. Tumekwisha kulipa kiingilio, tena kwa bei kubwa.

Basi, mtu afanye nini?

Kwanza, ukweli mchungu. Mwaka 2023 na 2024 kazi hii ilifukuza watu wengi sana. Microsoft peke yake ilitangaza kuondoa watu 1,900 kwenye idara yake ya michezo mwezi wa kwanza 2024, na mwezi uliofuata Sony ikatangaza karibu 900 upande wa PlayStation. Kwa hiyo leo ukiomba nafasi London au Montréal, unasimama mstari mmoja na mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi aliyefukuzwa jana. Usiuze ng'ombe wa baba kwa sababu ya makala haya. Na mtu akikuandikia kwamba kuna nafasi kwenye studio ya nje, tuma dola 50 za dosie, huyo ni mwizi. Studio ya kweli haimlipishi anayeomba kazi.

Pili, habari njema: kile kilichokuwa ghali zamani kimekuwa bure. Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, iliachiwa watu wote mwaka 2002 baada ya watumiaji wake kuchanga euro 100,000. Unity ilitoa toleo la bure mwaka 2009. Godot, injini huria, ilitoka 2014, na Unreal ikawa bure kupakua mwaka 2015. Kwa mashini zetu za mtumba na mega zetu za kununua kwa kadi ndogo, Godot inafaa zaidi, ju ni nyepesi. Unreal inakula gigabaiti nyingi na inataka kompyuta yenye nguvu.

Tatu, malizeni kitu kidogo. Historia yote hii inasema hivyo. Mchezo wa dakika tano uliokamilika, ambao mtu asiyekujua anaweza kuufungua na kuucheza, una uzito kuliko mchezo wa vita wa kurasa mia uliobaki kwenye daftari. Na musianzie mbali. Igisoro inachezwa na wazee wetu uani kila jumapili: mashimo 32, kete 64, kanuni ambazo zimepimwa na vizazi na vizazi. Itengenezeni kwa simu, na sauti za Kiswahili, kompyuta icheze upande wa pili. Kazi hiyo itakufundisha mambo mengi ambayo studio inataka kuyaona: kanuni, picha, sauti, akili ya kompyuta, na kumaliza. Uganda, Kola Studios ilianza hivyo hivyo, ikachukua Matatu, karata wanazocheza watu kila siku, ikaiweka kwenye simu.

Nne, fanyeni kwa kikundi. Tangu 2009 kuna Global Game Jam, mashindano ya kila mwaka ambapo vikundi vinatunga mchezo mzima kwa siku chache. Kuna mengine madogo karibu kila juma kwenye tovuti ya itch.io, bila malipo. Kampuni ya Nigeria, Maliyo Games, ina mafunzo yake yanayoitwa GameUp Africa, yaliyofanyika pamoja na Google, kwa vijana wa bara zima. Tafuteni hayo kabla ya kutafuta visa.

Tano, lugha. Kifaransa kinatufungulia Kamerun, Senegal, Ufaransa na Quebec. Lakini mafundisho mengi ya kazi hii yako kwa Kiingereza, na ndugu zetu waliokaa Uganda wanatushinda hapo. Wasio na Kiingereza wajipe nusu saa kila siku. Na Kiswahili chetu kisidharauliwe: mchezo ukitaka kuingia Dar es Salaam, Nairobi na Bukavu, kuna mtu lazima autafsiri vizuri.

Sita, umeme. Kituo cha Matebe, hapa kwetu Rutshuru, kilizinduliwa mwezi wa kumi na mbili 2015, megawati 13 na kitu. Kabla yake tulikuwa tunachaji simu kwa jenereta la jirani. Najua kwamba vita vinakata nyaya na vinakata barabara, najua Kiwanja imeona nini mwaka 2008, 2012, 2022 na kuendelea. Kuna siku ambazo kumwambia mtu ajifunze Godot ni kama matusi, kwa kuwa amelala porini na watoto. Lakini siku umeme unapokuwako, tuutumie kwa zaidi ya kunyoa nywele na kutazama mpira.

Jibu langu

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Mdogo wangu, bale batu hawakuweka dosie mahali. Dosie yao ni kitu kinachochezwa. Alcorn alionyesha zoezi, Miyamoto alileta vitundikia nguo, kikundi cha DigiPen kilileta milango yake miwili, Mayen alileta Salaam kwa Bluetooth. Diploma yako inafaa, itunze, lakini hapa inakaa nyuma ya kazi yako.

Na jibu la swali la pili, nani analipa ile miaka, hilo siwezi kumjibu peke yangu. Serikali haitakuja kesho kama Quebec. Mama zetu wamekwisha kulipa hadi diploma, haifai kuwarudia. Wanaobaki ni sisi, wenye diploma tayari. Ninapendekeza kitu kidogo: chumba kimoja, jumamosi moja kwa juma, mashini tatu au nne za kushirikiana, na mtu mmoja wa kununua mega ili wengine wakopiane masomo kwa fleshi, kama walivyomfanyia Mayen. Vijana watano kwa kuanzia, mchezo mmoja, igisoro, miezi sita.

Mimi ninatoa kompyuta yangu ya zamani, batri imekufa lakini ikikaa kwenye umeme inatembea. Nani mwingine ana nini? Andikeni hapa chini: chumba, mashini, saa mbili za kufundisha, hata kiti. Finalisti wetu anasoma ukurasa huu, na anangoja kuona kama tutamjibu kwa maneno tu.